Habimana, Bizimana, Sibomana: Majina yanayofanana mwisho bila undugu

Juvénal Habyarimana alikuwa Rais wa Rwanda kwa zaidi ya miaka 20. Agathe Uwilingiyimana alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu wa nchi hiyo. Gérardine Mukeshimana ni mtaalamu wa mbegu za maharage aliyepanda hadi kuwa waziri wa kilimo, kisha makamu wa rais wa IFAD, mfuko wa Umoja wa Mataifa wa maendeleo ya kilimo. Djihad Bizimana ni kiungo wa timu ya taifa ya Rwanda aliyesakata soka Ubelgiji na Ukraine. Na mashabiki wa Yanga hawajamsahau Patrick Sibomana, winga aliyetua Jangwani mwaka 2019.

Mgeni akiyasikia majina hayo kwa mara ya kwanza, anaweza kudhani ni ukoo mmoja uliobarikiwa vipaji. Hawana undugu wowote wa jina. Kinachowaunganisha ni silabi mbili za mwisho, ma na na, ambazo kwa mzazi wa Ngara hazihitaji kufafanuliwa. Imana ni Mungu.

Majina ya namna hiyo hayako ng’ambo ya daraja la Rusumo au mpaka wa Kabanga peke yake. Yako pia kwenye madaftari ya shule za msingi za Ngara, kwenye mabenchi ya kliniki ya Jumatatu, na kwenye makaburi ya mababu wa Wahangaza na Washubi. Siku hizi, hata hivyo, wapo wazazi wilayani humo wanaosita kumpa mtoto jina hilo. Hawalichukii. Wanaogopa swali atakaloulizwa mtoto huyo miaka 18 baadaye, atakapokwenda kuomba kitambulisho cha Taifa: wewe ni wa wapi?

Sentensi, si ukoo

Kosa la kwanza wanalofanya watu wa mbali ni kuyaita majina haya ya ukoo. Kwa asili, katika Rwanda, Burundi na ukanda wa Ngara, jina la namna hii halirithiwi. Baba anaweza kuitwa Minani, mwanawe wa kwanza Hakizimana na wa pili Ndikumana, na wote ni wa nyumba moja. Kila mtoto hupewa lake, na lile jina ni sentensi kamili iliyosemwa na mzazi kutokana na yaliyomkuta wakati ule.

Habyarimana maana yake anayezaa ni Mungu. Habimana, Mungu yupo. Hategekimana, anayeamuru ni Mungu. Bizimana, anayeyajua ni Mungu. Nsabimana, namwomba Mungu. Nshimirimana, namshukuru Mungu. Uwimana ni wa Mungu, na Uwilingiyimana ni yule anayemtumaini Mungu.

Kwa nini Mungu anakaa mwishoni kila mara? Jibu liko kwenye sarufi, na msemaji wa Kiswahili hapati shida kulielewa. Majina yanayoanza na “Ha” hutanguliza kitendo na kumweka mtendaji nyuma ili atiliwe mkazo: anayeponya si mganga wala si dawa, ni Mungu. Ndiye Hakizimana. Yale yanayoanza na “N” yana mzazi anayesema mwenyewe, na anayeombwa au kushukuriwa hufuata kitenzi, kama tunavyosema “namwomba Mungu”. Ukigeuza mpangilio, Mungu akatangulia, jina nalo hugeuka. Manirakiza ni Hakizimana iliyopinduliwa: Mungu huponya.

Kuna na majina ambayo Mungu amejificha katikati. Imana, kwa ngeli za lugha hizi, huwakilishwa na kiambishi “yi”, sawasawa na “i” ya Kiswahili katika “naipenda”. Kwa hiyo Ndayishimiye, jina la Rais wa Burundi aliyeingia madarakani mwaka 2020, ni “namshukuru Yeye”. Ndayizeye, jina la Domitien aliyeongoza nchi hiyo kati ya mwaka 2003 na 2005, ni “namtumaini Yeye”. Étienne Ndayiragije, kocha Mrundi aliyezinoa Mbao, KMC na Azam kabla ya kukabidhiwa Taifa Stars, anabeba maneno ya mzazi aliyemkabidhi Yeye mambo yake. Watangazaji wa mpira walihangaika na jina hilo msimu baada ya msimu, lakini ndani yake hamna zaidi ya sala fupi.

Na Sibomana? Hilo ni “wao si Mungu”. Mzazi anayempa mtoto jina hilo anawajibu watu fulani, pengine majirani waliosema hatapata mtoto, pengine wakwe, pengine wenye nguvu kijijini. Hawatajwi, lakini mwenye kusikia anasikia. Majina ya ukanda huu yamekuwa njia ya kusema hadharani jambo ambalo lingesababisha ugomvi kama lingesemwa uso kwa uso.

Wasomaji wa Biblia na Kurani hawapaswi kushangaa. Danieli, Mikaeli, Samweli, Gabrieli na Ezekieli wote wanaishia na “eli”, na hiyo “el” ni Mungu kwa Kiebrania. Danieli maana yake Mungu ndiye mwamuzi wangu. Hakuna anayemuuliza Danieli wa Biharamulo kama ni raia wa Israeli.

Wala jina la Imana si la dini moja. Djihad Bizimana ana jina la kwanza la Kiislamu. Hamad Ndikumana “Katauti”, beki na nahodha wa zamani wa Rwanda ambaye Watanzania wengi walimfahamu kupitia ndoa yake na mwigizaji Irene Uwoya, alifariki Novemba 2017 akiwa na jina linalosema “niko kwa Mungu”.

Jina lililotoka wodini

Kwa anayefuatilia afya ya mama na mtoto, majina haya ni kumbukumbu ya aina yake. Hakizimana mara nyingi si jina la bahati nasibu. Ni la mtoto aliyeugua akapona, au aliyekuja baada ya wengine kuondoka. Ndivyo yalivyo pia majina ya mpangilio wa kuzaliwa ambayo bado yanasikika Ngara na Kigoma: Bukuru na Butoyi kwa mapacha, mkubwa na mdogo, Nyandwi kwa mtoto wa saba, Minani kwa wa nane. Ukikutana na mzee anayeitwa Minani, unajua mama yake alizaa watoto wasiopungua wanane. Usilojua ni wangapi kati ya hao walifika darasa la kwanza.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2004/05 ulionyesha kuwa kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 112 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti kama huo wa mwaka 2022 ulikuta idadi imeshuka hadi 43. Chanjo, vyandarua, dawa za malaria na kujifungulia kituoni vimebadilisha mengi, na pengine ndiyo sababu moja ya majina ya huzuni kupungua na ya shukrani kubaki. Lakini 43 si namba ndogo kwa mama aliye miongoni mwao.

Desturi ya kuchelewesha jina nayo ilikuwa na hesabu hiyo ndani yake. Kwa Wanyarwanda, mtoto hupewa jina siku ya nane. Ngara pia familia nyingi hazimwiti mtoto jina akiwa bado leba. Baba hushauriana na babu, shangazi naye ana la kusema. Matokeo yake, mama anaruhusiwa kutoka Murgwanza, Rulenge au Nyamiaga akiwa na kadi ya kliniki iliyoandikwa “mtoto wa” kisha jina lake yeye. Hakuna ubaya katika hilo. Ubaya huanza pale nafasi hiyo isipojazwa hadi mtoto anatambaa, au inapojazwa na kila muuguzi kwa namna yake.

Mto mmoja, mipaka mitatu

Woga wa wazazi kuhusu jina hauwezi kueleweka bila ramani. Ngara iko pale ambapo Tanzania, Rwanda na Burundi zinakutana, na mto Ruvubu unaungana na Kagera karibu na Rusumo. Bugufi, nyumbani kwa Wahangaza, ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi kabla ya wakoloni kuchora mistari yao, na ilijikuta Tanganyika baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza na Wabelgiji walipogawana lililokuwa koloni la Wajerumani. Kihangaza na Kirundi vinasikilizana bila mkalimani. Majina hayakuhama kutoka ng’ambo kuja Ngara. Mpaka ndio uliokuja ukayakuta.

Baadaye ikaja 1994. Aprili 6, ndege iliyombeba Rais Habyarimana kutoka kwenye mkutano Dar es Salaam ilitunguliwa ikikaribia kutua Kigali. Alikuwamo pia Rais wa Burundi, Cyprien Ntaryamira. Asubuhi iliyofuata, Waziri Mkuu Uwilingiyimana, mwalimu wa kemia aliyeingia siasa upande wa upinzani, aliuawa na wanajeshi wa nchi yake, na walinzi wake kumi wa Umoja wa Mataifa kutoka Ubelgiji wakauawa siku hiyohiyo. Hasimu wawili wa kisiasa, mmoja akiitwa “anayezaa ni Mungu” na mwingine “anayemtumaini Mungu”, walipishana kwa saa chache tu.

Mwishoni mwa mwezi huo, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara ndani ya muda wa kama saa 24. Benaco, eneo lililokuwa likijulikana kwa jina la kampuni ya Kitaliano ya ujenzi wa barabara, likawa moja ya kambi kubwa za wakimbizi duniani. Wakimbizi wa Rwanda walirejeshwa mwishoni mwa mwaka 1996. Warundi waliendelea kuishi Lukole kwa miaka mingi zaidi. Kwa Mtanzania wa Dodoma au Lindi aliyekuwa akifuatilia redioni, majina ya Habimana na Hakizimana yaliingia masikioni yakiwa yameshikana na neno mkimbizi. Mhangaza aliyekuwa na jina hilo tangu kwa bibi yake akajikuta anaeleza asili yake ndani ya nchi yake.

Mwaka 2013 ilipofanyika Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, kuwa na karatasi au kutokuwa nayo kuliacha kuwa suala la mtu mmoja. Likawa la familia nzima, na wazee wa Ngara wanaikumbuka hivyo.

Sheria ya uraia, Sura ya 357, inaangalia mahali mtu alipozaliwa na uraia wa wazazi wake. Haisemi lolote kuhusu jina linavyoishia. Ofisa anayemhoji kijana wa mpakani ana kazi halali ya kufanya, na maswali kuhusu kijiji cha babu, mwenyekiti wa kitongoji na shule aliyosoma yatakuwepo. Jina likiwa limeandikwa namna moja kwenye kila karatasi, mahojiano huwa mafupi. Likiwa limeandikwa namna tatu, hata Mtanzania wa vizazi vitano huonekana mtu mwenye jambo la kuficha.

Herufi moja tu

Hapa ndipo mzazi ana uwezo kuliko anavyodhani, na kazi inaanzia kliniki.

Majina haya ni marefu na lugha ya mwandishi mara nyingi si ya mwenye jina. Muuguzi aliyetoka Singida au Mtwara anasikia “r” akaandika “l”: Nshimirimana inakuwa Nshimilimana. “H” ya mwanzo inadondoka: Akizimana. “Y” inapotea: Ndayisaba inakuwa Ndaisaba. Wakati mwingine hiyo si makosa bali ni tahajia ya mahali. Mbunge aliyechaguliwa kuiwakilisha Ngara mwaka 2020, Ndaisaba George Ruhoro, anaandika jina lake bila “y”, wakati ng’ambo ya mto wengi huliandika kwa “y”. Ni jina lilelile la “namwomba Yeye”, nalo limeingia Bunge la Tanzania. Hata jina la waziri mkuu Uwilingiyimana utalikuta sehemu nyingine likiwa na “r” badala ya “l”. Hakuna tahajia iliyo takatifu. Familia ichague moja, iishike.

Njia nyepesi ni hii: jina likishapatikana nyumbani, liandikwe kwa herufi kubwa kwenye karatasi na mtu wa familia anayejua kusoma, karatasi ikae ndani ya kadi ya kliniki. Mama asilitaje kwa mdomo dirishani kukiwa na foleni na watoto wanalia. Aioneshe karatasi. Kisha asome kilichoandikwa kabla ya kuondoka. Kama hajui kusoma, aombe kisomwe herufi kwa herufi. Wengi wanaona aibu kumrudisha muuguzi kwenye kadi, lakini kurekebisha leo ni suala la kalamu, na kurekebisha baada ya miaka 15 ni suala la viapo kwa wakili, nauli na siku za kazi zilizopotea.

Kwa afya ya mtoto, herufi hiyo ina maana ya haraka zaidi. Mtoto wa Ngara anatakiwa kurudi kliniki mara nyingi, ikiwamo chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi tisa na tena akiwa na miezi 18. Kituo kinapotafuta watoto waliokosa chanjo, kinatafuta jina. Mtoto aliyeandikwa Hakizimana kwenye kadi na Akizimana kwenye daftari anaweza kuhesabiwa kama wawili, mmoja akionekana hajachanjwa. Akilazwa, bima ya afya ya familia ikiwa na jina tofauti na la kadi, mzazi ndiye anayebaki kaunta akijieleza huku mtoto ana homa.

Hatua inayofuata ni cheti cha kuzaliwa. Sheria inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, Rita, una mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata, ambapo cheti hutolewa bila malipo. Mzazi anakwenda na kadi ya kliniki au tangazo la kizazi. Nukuu ya cheti inachukuliwa kutoka pale. Kadi ikiwa na kosa, kosa linahamia kwenye cheti, kutoka kwenye cheti linahamia shule, na kutoka shule linakwenda Baraza la Mitihani.

Kuna jambo moja zaidi ambalo familia za Ngara hupaswa kulizungumza mapema, nalo ni mpangilio wa majina matatu. Utaratibu wa Tanzania unataka jina la mtoto, la baba na la babu. Mila haikuwa na utaratibu huo, hivyo ndugu wa baba mmoja waliosoma shule tofauti wanaweza kuwa na majina ya mwisho tofauti: huyu katumia la baba, yule katumia lake mwenyewe la Imana kama la ukoo. Kwao hilo si tatizo. Kwa anayeangalia fomu mbili mezani akitafuta kama hawa ni ndugu, ni tatizo kubwa. Si Ngara tu. Rais wa Iceland aliyechaguliwa mwaka 2024, Halla Tómasdóttir, naye jina lake la mwisho linamaanisha tu “binti wa Tómas”, lakini nchi yake nzima inaandika hivyo na fomu zake zimetengenezwa kwa kulijua hilo.

Wazazi wengine wameamua kukwepa yote. Wanampa mtoto Brian au Precious kwenye karatasi, na la Imana linabaki la kuitiwa nyumbani na bibi. Ni uamuzi wao na una mantiki yake. Ila mtoto wa aina hiyo akifika hospitali akiwa na bibi badala ya mama, na muuguzi akauliza jina, bibi atataja lile alilompa yeye, na faili halitaonekana. Wanaochagua njia hiyo wamwambie bibi, na majina yote mawili yaandikwe kwenye ile karatasi iliyo ndani ya kadi.